Leo Tarehe Ngapi?

Jana asubuhi, ndani ya pantoni ya Pangani, kijana wa bodaboda aliyekuwa amepakia kreti za soda alinitazama, akageuza uso, akanitazama tena, halafu akapaza sauti kutoka upande wa pili wa chombo: "Julai! Leo tarehe ngapi?"

Pantoni nzima ikaangua kicheko. Akacheka mama muuza samaki, akacheka mkata tiketi, akacheka na mzee mmoja aliyeshika mbuzi kwa kamba ambaye, kwa kanzu yake na ndevu zake, nilimdhania mtu wa kumsitiri mwenzake. Mimi nikajifanya natafuta mamba majini. Jina hilo la Julai nilipewa kijijini Mkwaja. Limepita Kipumbwi, limepita Mwera, na sasa limevuka mto bila kulipa nauli. Siku litakapofika Tanga mjini, kwa wakwe zangu, sijui nitaweka wapi uso.

Basi na nieleze, maana tangu mwezi wa nne hakuna aliyeniacha nieleze mpaka mwisho.

Tarehe 7 Aprili, masika yenyewe, ndege ndogo kutoka Unguja ilitua kwenye kiwanja cha Mkwaja ikashusha Wamarekani wawili, mume na mke, watu wazima wenye kofia za safari na masanduku ya magurudumu. Rubani alimwona mtu amesimama pembeni ya kiwanja na mwavuli, akajua huyo ndiye mwenyeji wao, akampungia mkono, akaruka kabla wingu halijafunga. Mtu yule alikuwa mpita njia. Naye alipunga mkono, akaenda zake.

Loji ilikuwa imefungwa. Loji nyingi za pwani hii hufungwa Aprili na Mei, wala si uvivu: barabara za udongo mweusi hunasa hata trekta, wageni hawaji, na huo ndio wakati wa kushusha makuti yaliyooza na kuezeka mapya. Vitanda vilikuwa vimesimamishwa ukutani, magodoro yamefungwa kwa nailoni, mashua imepinduliwa chini ya mkungu, mpishi yuko kwao Muheza anapalilia mahindi. Waliobaki ni mlinzi, redio yake, na paka wa jikoni ambaye naye alikuwa amekonda kwa kukosa msimu.

Na kwenye daftari la Bi Mkubwa, mwenye loji, Wamarekani hao walikuwa wanangojwa kwa shangwe tarehe 4 Julai. Wamarekani, tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wao: nani angetia shaka? Bi Mkubwa ni mtu wa kujiandaa mapema. Alikuwa amekwisha kumpa fundi cherehani wa Ngamiani kazi ya kushona bendera ya Marekani. Fundi alishona nyota 38 akasema zinatosha, kwa mbali hazihesabiki.

Simu ilinikuta Tanga nakunywa supu ya pweza.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Hakuitikia. Mtu wa pwani ukimwamkia mkubwa wako akanyamaza, ujue jambo limekwisha kuharibika, kilichobaki ni kuambiwa ni lipi.

"Nikuulize, mwanangu. Kwenu nyinyi Julai ni mwezi wa ngapi?"

"Wa saba, Bi Mkubwa."

"Basi panda gari uende Mkwaja. Mwaka huu imekuja wa nne."

Gari lilinifikisha lilipoweza, bodaboda ikanifikisha ilipoweza, na sehemu iliyobaki nilimaliza kwa miguu, viatu mkononi. Njiani nilijitungia maneno ya kuwapoza wageni kwa Kiingereza. Sikuyahitaji. Niliwakuta barazani kwa mlinzi, wamekaa juu ya mkeka, wamepewa kanga za kujifunika, mbele yao sinia ya wali wa nazi na changu wa kupaka. Masanduku yalikuwa yameegeshwa ukutani, magurudumu yamejaa tope mpaka yamekuwa maandazi. Mke wa mlinzi alikuwa anamfundisha yule mama kutoa miiba bila kuichokoa nyama. Mlinzi hana Kiingereza, wao hawana Kiswahili, na walikuwa wakizungumza bila kituo. Nilipotokea mimi, mwenye lugha zote mbili, mazungumzo yakakatika.

"Huyu," mlinzi akawaonyesha kwa kidole, "ndiye Julai."

Wakaelewa. Sijui walielewaje, lakini walielewa.

Sasa, tovuti ya loji. Ile ya zamani ilitengenezwa na mzungu mmoja wa kujitolea, enzi ambazo tovuti ilikuwa na rangi ya kijani ya kuumiza macho, neno KARIBU likiwakawaka, na chini kabisa kihesabio cha waliotembelea. Bi Mkubwa alinipa kazi ya kuijenga upya kwa sababu mjukuu wake aliyeko masomoni alimwambia inatia aibu. Ilikuwa inatia aibu kweli. Ukurasa wa kubuku chumba ulikuwa na kisanduku kimoja kikubwa kitupu, basi. Mgeni aliandika alichotaka, na watu walikuwa wanaandika barua: tutafika tarehe 4 Julai jioni tukitokea Lushoto, tuko wanne, mama mkwe hali samaki, mtoto anaogopa popo, je, kuna popo? Bi Mkubwa alisoma yote, akajibu yote, akamwambia mpishi habari za mama mkwe.

Nilikifuta kisanduku hicho. Mahali pake niliweka kalenda. Mgeni akigusa, inafunguka taratibu kama pazia. Siku zilizojaa zina rangi ya kijivu, siku zilizo wazi zina rangi ya maji ya bahari. Anagusa siku ya kufika, anagusa siku ya kuondoka, na Bi Mkubwa anapata barua pepe fupi yenye tarehe mbili na idadi ya vichwa. Kazi safi. Hata leo naitetea kazi hiyo mbele ya mahakama yoyote.

Ugomvi ulianzia kwenye adabu. Kila kompyuta ina sehemu yenye desturi za mwenyewe: anaandika lugha gani, anatumia sarafu gani, tarehe anaziandikaje. Ipo amri moja, neno moja tu la programu, inayoiambia kompyuta: iandike tarehe hii kama anavyoiandika mwenyewe. Niliitumia kwa heshima ya mgeni. Sisi, Waingereza, Wafaransa na watu wengi duniani tunaanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Wachina na Wajapani wanaanza na mwaka, wanashuka. Wamarekani wanaanza na mwezi, wanarudi kwenye siku, kisha wanarukia mwaka. Mwaka 1988 shirika la viwango la kimataifa lilitoa kanuni namba 8601 inayosema ulimwengu mzima uandike mwaka, mwezi, siku, ubishi uishe. Ubishi haukuisha.

Kwa hiyo yule bwana, huko kwao, alichagua 7 Aprili, na kompyuta yake kwa adabu ikaandika 4/7. Bi Mkubwa, huku kwetu, akasoma 4/7, akaona Julai, akaona bendera. Hakuna aliyedanganya. Na tazama ubaya wa jambo hili: angechagua tarehe 13, namba yenyewe ingepiga kelele, maana mwezi wa 13 haupo. Ni siku zile za tarehe 1 hadi 12 tu zinazoweza kuvaa nguo za mwenzake. Nimepiga hesabu: kwa mwaka ziko 132. Siku 132 ambazo Mmarekani na Mtanzania wanaweza kukubaliana kabisa, kwa maandishi, kila mmoja akawa na miadi yake.

Niliyaeleza haya yote barazani, mvua ikinyesha. Mlinzi alisikiliza kwa utulivu wa mtu aliyezoea kukesha, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri maisha yangu yote niulizwe.

"Hiyo kompyuta yenyewe inahesabu siku kutoka wapi?"

Nikavuta mkeka. Kompyuta, nikamwambia, haijui Aprili wala Julai. Ndani kabisa ina namba moja tu, idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za Greenwich. Namba hiyo inaongezeka moja kila sekunde, usiku na mchana. Kila tarehe uliyowahi kuiona kwenye simu ni namba hiyo imevalishwa kanzu.

"Na kabla ya 1970?"

"Inahesabu kurudi nyuma. Namba hasi."

"Mimi nimezaliwa siku ya Uhuru. Desemba 1961."

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikatoa simu nikapiga hesabu. "Hasi milioni 254, mzee. Na ushei."

Akaufikiria ushei huo. "Kwa hiyo mimi ni hasi."

"Kwa kompyuta tu."

"Na hawa wazungu wakaacha chumba cha kompyuta, wakaja kulala kwa hasi." Akacheka mpaka redio ikaanguka.

Ningeishia hapo ningelala salama. Lakini mtu akikuuliza jambo unalolipenda, ulimi haushikiki, nikawaambia na habari za miezi. Kalenda za kwenye tovuti nyingi huendeshwa na lugha iitwayo JavaScript. Aliitunga Brendan Eich, mwaka 1995, akiwa kampuni ya Netscape, kwa siku 10 tu, maana aliharakishwa. Mambo ya tarehe aliyachukua kwenye lugha nyingine, Java, ambayo nayo ilirithi tabia za lugha kongwe zaidi, na kwa urithi huo siku za mwezi zinaanza na moja lakini miezi inaanza na sifuri. Januari ni sifuri. Aprili ni tatu. Mzungu hapati shida sana kwa sababu miezi yake ina majina. Anaona ni namba za ndani, za mafundi. Lakini sisi miezi tunaiita kwa namba! Fundi wa kompyuta Mswahili anaamka asubuhi katika mwezi wa nne, anaketi kazini, anaandika wa tatu, jioni anarudi nyumbani kwenye wa nne. Miaka yote nimeishi hivyo na hakuna aliyenipa pole.

Na mwaka 2038! Mashine za zamani zimetenga nafasi ndogo kwa namba ile ya sekunde, nayo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Ikijaa inapinduka, inakuwa hasi, na kalenda inasoma 13 Desemba 1901. Mgeni atakayebuku kwa mashine ya namna hiyo atajikuta kwenye koloni la Wajerumani, Gavana von Götzen akiwa Dar es Salaam, na bendera atakayoikuta imetundikwa haitakuwa kazi ya fundi wa Ngamiani.

"Tumbaku hii unayovuta," akasema mke wa mlinzi, "unaipata wapi?" Sivuti tumbaku.

Jioni ile tukaenda kijiweni, kahawa na kashata, kesi yangu ikasomwa upya mbele ya wazee. Hapo ndipo nilipokutana na mtu aliyenizidi. Mvuvi mmoja mzee, macho yameingia ukungu, aliniacha nimalize Greenwich yangu yote, kisha akaniuliza leo ni mwongo wa ngapi. Sikujua. Akanielimisha, na namshukuru, ingawa alifanya hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka ufukweni.

Mwaka wa wazee wa pwani huanza Siku ya Mwaka, Nairuzi, ile ambayo Makunduchi kule Unguja huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa mwezi wa saba. Kutoka siku hiyo zinahesabiwa siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo. Miongo 36, ukijumlisha siku tano za mkiani, ni 365. Hawana mwezi mrefu na mwezi mfupi, wala kubishana nani aanze, siku au mwezi. Kwa hesabu hiyo manahodha walijua lini kaskazi inachoka na lini kusi inafunga bahari, na wakulima walijua lini wapande. Kasoro moja: mwaka huo hauna ile siku ya nyongeza ya kila miaka minne, kwa hiyo unateleza siku moja kila miaka minne ukiulinganisha na jua. Nilipomtajia kasoro hiyo mzee alisema kateleza nao tangu utotoni na hajaanguka.

Kando ya miongo anao mwezi wa angani, ndio unaomwambia bamvua ni lini na maji mafu ni lini, na ndio wa Ramadhani na Idi. Kando ya huo anayo tarehe ya serikali, ya kupigia kura na kuchukulia mbegu za ruzuku. Kalenda tatu kichwani, na hakuna hata siku moja aliyomshusha mgeni kwenye mvua.

Kisha akaongeza jambo ambalo wakati ule nililisikia kama porojo za kahawa. Siku, alisema, huanza magharibi. Jua likizama Alhamisi, umeingia Ijumaa. Huo usiku wa manane mnaoufuata nyinyi umetoka wapi? Mtu amelala atajuaje siku imebadilika?

Wamarekani walikaa mpaka ndege ilipopata mwanya wa kurudi kuwachukua. Walimwachia mlinzi bahasha ya dola iliyozidi malipo yangu ya awamu ya kwanza, na awamu ya pili ilikuwa bado haijatoka. Huko kwao waliandika maoni marefu: nyota tano kwa mlinzi, nyota tano kwa wali, aya nzima kuhusu mvua juu ya bati. Tovuti ilipata neno moja: inachanganya.

Nilirekebisha. Nilifuta ile amri ya adabu, nikaandika majina ya miezi kwa herufi, hata Mmarekani akitaka kugeuza asipate pa kushika. Msimu ulipofunguka mwezi wa sita, Bi Mkubwa akaanza kupata barua pepe zinazosomeka vizuri kabisa, na wageni wakaanza kufika vizuri kabisa, kesho yake.

Mpishi alipika kamba kochi wa Wajerumani, Wajerumani hawakutokea. Alfajiri mpishi akawagawia wavuvi, alasiri Wajerumani wakashuka garini na njaa zao. Wakenya vivyo hivyo. Tanga inasifika kwa waja leo waondoka leo. Mimi nikaiongezea waja kesho. Waliofika siku yao sawasawa, na hili ndilo lililoniumiza, walikuwa Wamarekani peke yao.

Sababu yake ni tamu, mniwie radhi. Mgeni akigusa tarehe 10 Julai kwenye kalenda, kompyuta haichukui siku nzima. Inachukua saa sita usiku ya kuingia tarehe 10, saa za kwake. Kisha inaipeleka Greenwich kuhifadhiwa. Mtu akiwa Nairobi au Tanga, ambako tumetangulia Greenwich kwa saa tatu, huko Greenwich muda ule bado ni saa tatu usiku ya tarehe 9. Kwa aliye Ujerumani wakati wa kiangazi ni saa nne usiku, tarehe 9 pia. Programu inakata saa, inabakiza tarehe: 9. Kila aliye mashariki ya Greenwich anarudishwa siku moja nyuma. Marekani iko magharibi, saa zake zimechelewa, saa sita usiku ya kwao huko Greenwich kumekucha tarehe ileile. Dunia imegawanywa sawasawa na jua lilivyotaka, na loji yenye vyumba vya kuhesabika kwa vidole ndiyo iliyobeba matokeo.

Nilipomwendea yule mvuvi kumsimulia, hakushangaa. Saa tatu usiku ya tarehe 9, alisema, ni tarehe 10. Magharibi imekwisha kupita. Nikaketi. Ni kweli: kwa hesabu ya wazee wa Mkwaja saa ile ilikuwa ya tarehe 10 muda wote, na kama siku ya Greenwich ingeanza jua linapozama, Wajerumani wangekula kamba wao wakiwa wa moto.

Mengine yalikuwa madogo. Kalenda iliuza mandari ya mchana kwenye kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi, zamani chenye mivinje na leo fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Haikujua maji ya kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo familia moja ilikula sambusa zao imesimama. Rangi ya tovuti niliichagua bluu, na picha ya mbele ilikuwa ya msichana aliyevaa fulana ya bluu ndani ya gari la wazi. Wageni wakaja na fulana za bluu, na mbung'o, ambao hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi, wakawapokea. (Hao ndio mbung'o walioisumbua Ranchi ya Mkwaja tangu miaka ya 1950 mpaka ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake ikaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ng'ombe wameondoka, wao hawajapata taarifa.) Ramani ya mtandaoni iliiweka loji baharini. Kuna aliyeuliza kitufe cha kubuku siku ya mayai ya kasa kuanguliwa ufukwe wa Madete.

Lakini kuna jambo ambalo sicheki nalo. Ukimtafuta Bi Mkubwa mtandaoni kwa jina kamili la loji yake, herufi kwa herufi, wa kwanza kutokea si yeye. Anatokea dalali mkubwa wa vyumba, aliyeko nchi za mbali, aliyelipia tangazo ili jina la loji ya Bi Mkubwa likitajwa ajibu yeye. Picha zilizoko huko nimezipiga mimi, nimesimama majini mpaka kiunoni. Mgeni anagusa hapo, anabuku hapo, na dalali anakata asilimia 15, au 20, au zaidi kama loji inataka isogezwe juu kidogo. Maana ya tovuti mpya ilikuwa ni hiyo: mgeni aje moja kwa moja, fedha ibaki kwa aliyetandika kitanda. Bi Mkubwa alijinyima kunilipa, na kila shilingi aliyonilipa ingemnunulia makuti.

Naambiwa teknolojia imetufungulia milango. Mkonga wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, umepita humuhumu baharini, na mimi ili nipandishe picha moja ya loji hupanda kichuguu nyuma ya shule, bando mkononi, nikiomba upepo. Mei 2024, mikonga ya SEACOM na EASSy ilipopata hitilafu pamoja na intaneti ikazimika sehemu kubwa ya nchi, mjini watu walihangaika kama wamefiwa. Mkwaja hakuna aliyegundua. Halafu mtu wa mbali, mwenye intaneti isiyokatika, anatuuzia jina letu wenyewe, na tunamlipa kwa sababu tusipomlipa hatuonekani. Nimejaribu kulitafutia hilo mzaha, sijaupata.

Wiki iliyopita dalali huyohuyo alimwandikia Bi Mkubwa. Watu wake walikuwa wamesoma maoni ya Wamarekani. Walipenda ile nyumba ya mlinzi: je, inaweza kuorodheshwa peke yake, kama makazi ya kiutamaduni, pamoja na chakula? Masharti ni yale ya kawaida, jibu litolewe kabla ya 9/10, na hawakusema 9/10 ya nani. Bi Mkubwa akanituma nikamsomee mlinzi barua hiyo, na hiyo ndiyo safari iliyonipandisha pantoni jana.

Nilimkuta anashona nyavu. Nikamtafsiria yote, nikafika kwenye masharti.

"Asilimia 20," akasema. "Ya kitanda?"

"Ya kitanda na ya wali."

"Na nazi naikuna mimi?"

"Wewe na mama."

Akavuta uzi, akakata kwa meno. "Waulize," akasema, "kwenye kuni watachangia ngapi."